Kijivimbe juu ya korodani: nikatwe, nitobolewe au nikiache?

*“Daktari, shikamoo. Nina miaka 34, ninakaa Ujiji, kazi yangu ni kupakia na kushusha mizigo kwenye maboti pale Kibirizi. Mwezi wa nne nikiwa naoga nilishika kitu juu ya korodani ya kulia, kama punje ya karanga. Sasa kimefika ukubwa wa zabibu. Hakiumi, ila siku nikibeba sana, jioni nasikia uzito wa kuvuta. Nimepiga altrasaundi, karatasi inasema ‘sisti ya epididimisi upande wa kulia, sentimita 2.1 kwa 1.8, korodani zote mbili za kawaida’. Aliyenipima kaniambia si kitu, lakini hakunieleza zaidi. Rafiki yangu anasema ni busha changa kwa sababu nilikaa Dar miaka miwili nikinywa madafu kila siku. Mjomba anasema ni chango, kuna mzee Kasulu anatoboa, anatoa maji na kuweka dawa. Duka la dawa wamenishauri sindano za jenta siku saba. Mke wangu naye ananitazama kwa jicho jingine, anadhani nimeokota ugonjwa nje. Tuna mtoto mmoja wa miaka mitano, na huu ni mwaka wa pili tunatafuta mwingine hatupati. Naogopa saratani, naogopa utasa, naogopa kisu. Nifanye nini?”*

Marahaba, ndugu yangu. Umenitajia hofu tatu, nami nitazijibu zote, ila hiyo uliyoiweka mwisho, ya kisu, ndiyo ningeipa uzito wa kwanza. Kwa mtu wa umri wako anayetafuta mtoto, kijivimbe kama chako hakina madhara makubwa. Chenye madhara ni haraka ya kukitoa. Ukisoma mpaka mwisho utaelewa kwa nini nasema hivyo, na utaelewa pia kwa nini aliyekupima alikwambia “si kitu”. Alikuwa sahihi. Kosa lake ni kuishia hapo. Mtu aliyeshika uvimbe sehemu ile halafu akaambiwa si kitu bila maelezo, hiyo nafasi tupu wataijaza rafiki, mjomba na muuza dawa, kila mmoja kwa lake.

Tuanze na kujua kitu chenyewe kiko wapi, maana mahali kilipo ndipo penye nusu ya jibu.

Korodani ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 4 mpaka 5, umbo la yai, laini na yenye kunesa kidogo. Nyuma yake, kuanzia juu kushuka mpaka chini, kuna kitu kama kamba laini kimeilalia. Wanaume wengi hawajui kwamba kipo, na siku ya kwanza wanapokishika wanakuja mbio wakidhani wameota uvimbe. Hicho ndicho epididimisi. Kwa kukitazama ni kifupi, sentimita chache tu, lakini ukikikunjua ni mrija mmoja mwembamba kama uzi wenye urefu wa mita 6 hivi. Wewe uko Kibirizi kila siku, umeona uzi wa nyavu ulivyokunjwa ukawa donge linaloingia kiganjani. Ndivyo ulivyo mrija huo.

Kazi yake ni hii. Mbegu zinatengenezwa ndani ya korodani, lakini zikitoka mle hazijui kuogelea. Zinapita kwanza kwenye vijirija vidogo zaidi ya kumi vinavyotoka juu ya korodani, vyote vinamwaga kwenye ule mrija mrefu, na humo zinasafiri siku kadhaa, pengine mpaka wiki mbili, zikikomaa njiani. Mwisho zinahifadhiwa sehemu ya chini zikingoja kutoka.

Sasa, hapo juu kwenye vijirija, ndipo sisti nyingi zinapozaliwa. Kijirija kimoja kinaziba au ukuta wake unalegea, majimaji yanajikusanya pembeni, na taratibu kinatokea kifuko chenye ngozi nyembamba kilichojaa maji. Umewahi kuuona mto Luiche baada ya mvua za masika? Maji kidogo yanachepuka, yanatuama pembeni na kufanya kidimbwi, ila mto wenyewe unaendelea zake mpaka ziwani. Kidimbwi ndicho sisti yako. Mto haujakauka.

Ndani ya kifuko hicho mara nyingi kuna maji maangavu. Wakati mwingine yanakuwa na weupe kama maji ya mchele kwa sababu mbegu zimechanganyika humo, na vitabu vya udaktari vina jina jingine kwa aina hiyo. Usihangaike na tofauti hiyo. Altrasaundi yenyewe mara nyingi haiwezi kuitofautisha, na matibabu ni yale yale.

Ni jambo la kawaida kuliko unavyofikiri. Wanaume wasio na dalili yoyote wakipigwa altrasaundi ya korodani, tafiti zimekuta mpaka 30 kati ya 100 wana sisti kama hizi, nyingi zikiwa ndogo kiasi kwamba mkono hauwezi kuzishika. Pale mnaposhusha dagaa asubuhi mkiwa kundi la watu thelathini, wewe si peke yako. Wewe umeshika ya kwako tu.

Busha, chango, madafu

Rafiki yako amechanganya mambo mawili yanayokaa mtaa mmoja. Busha ni maji yanayojaa ndani ya mfuko unaoizunguka korodani yenyewe, kiasi kwamba ukishika unashika maji tu, korodani huipati, imezama katikati. Wewe korodani yako unaishika vizuri, na uvimbe unaushika juu yake kama kitu kingine kinachojitegemea. Hiyo peke yake inatosha kuvitofautisha, hata kabla ya altrasaundi. Sisti haiwi busha ikikua, kama vile ndimu isivyogeuka papai.

Na madafu hayana hatia. Imani hiyo ni ya pwani, nadhani ilipanda treni ya Reli ya Kati ikashukia huku mwisho wa reli kama abiria wengine. Kule pwani busha lilikuwa jingi kwa sababu ya minyoo ya matende, ambayo huenezwa na mbu na kuharibu mishipa ya limfu. Penye minazi palikuwa na mbu wale, na watu wakalaumu nazi. Ukienda tena Dar, kunywa madafu yako, lala ndani ya chandarua.

Chango nisingependa kulibishia sana, kwa sababu ni neno linalobeba kila kitu: tumbo la mwanamke, mgongo wa mwanaume, mtoto anayechelewa. Neno linalobeba kila kitu haliwezi kukuonyesha cha kutibu. Mjomba wako anakujali, lakini hajakushika pale ukutani mwa sisti akajua inatokea wapi.

Kuna kimoja hakuna aliyekutajia, nacho ni ngiri. Kwa mbeba mizigo ndicho ningekiangalia kwanza. Ngiri inashuka kutoka kwenye kinena. Ukisimama na kukohoa inajaa, ukilala chali inarudi. Ukijaribu kupitisha vidole juu ya uvimbe hupati mwisho wake, unaendelea kupanda mpaka tumboni. Sisti ina mwisho, unaizunguka yote kwa vidole, kikohozi hakiifanyi chochote. Kubeba magunia kunaweza kuchangia ngiri. Sisti ya epididimisi haisababishwi na magunia, ni ule uzito wa jioni tu ndio unaoongezeka.

Saratani

Hapa nitakuwa wazi, kwa sababu hofu hii ni ya haki na sitaki uione kama ujinga. Saratani ya korodani ipo, na tofauti na saratani nyingi yenyewe inawapata zaidi vijana, kati ya miaka 15 na 40 hivi. Kwa Waafrika ni nadra, lakini nadra si sawa na hakuna. Inaanzia ndani ya korodani yenyewe. Mtu anashika sehemu ngumu kama jiwe au kama mbegu ya embe, iliyogandamana na korodani, mara nyingi haiumi, au korodani nzima inakuwa nzito na ngumu kuliko mwenzake.

Chako kiko nje ya korodani, kimejaa maji. Altrasaundi inapotazama maji safi inaona weusi mtupu ndani ya ukuta mwembamba, bila nyama, bila kuta za kati. Ndiyo maana aliyekupima aliandika neno “sisti” bila kusita, na akaandika pia kwamba korodani zote mbili ni za kawaida. Sentensi hiyo ya pili ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote kwenye karatasi yako. Na sisti ya namna hii haigeuki saratani, hata ikikaa miaka ishirini.

Wapo wanaume ambao kijifuko cha maji kinapatikana ndani ya korodani kwenyewe, au kwenye gamba lake la nje. Hivyo navyo vingi havina shida, ila hao tunawafuatilia kwa ukaribu zaidi, kwa kurudia altrasaundi, na tukiona chochote kigumu humo tunapima pia damu kutafuta viashiria vya saratani. Kama anayesoma hapa karatasi yake inasema “ndani ya korodani”, jibu la huyu ndugu wa Ujiji asilichukue kuwa lake, aende kwa daktari wa upasuaji.

Ipo njia ya zamani ya kumulika, ambayo bado naitumia na wagonjwa wanaipenda. Tunazima taa, naweka tochi nyuma ya uvimbe, na ukiwa wa maji unawaka wekundu, kama taa ya chemli iliyofunikwa kwa kiganja. Juzijuzi kijana mmoja alipoona hivyo alicheka kwa sauti, miezi sita alikuwa halali. Tochi ya simu inafaa. Lakini busha nalo linawaka hivyo hivyo, kwa hiyo tochi haichukui nafasi ya kipimo. Inasaidia tu kukuonyesha kwa macho yako kwamba mle ndani ni maji.

Utasa, na hesabu ya miezi

Soma tena barua yako mwenyewe. Uvimbe uliushika mwezi wa nne. Mtoto mmechelewa kumpata tangu mwaka uliopita. Maana yake mlianza kuchelewa kabla ya kuwa na kitu cha kukilaumu. Inawezekana sisti ilikuwepo ikiwa ndogo hujaishika, nakubali. Lakini hata hivyo ni kidimbwi kwenye kijirija kimoja kati ya vingi, upande mmoja kati ya pande mbili. Korodani ya kushoto ina njia yake yote. Kwa kawaida sisti hizi hazimfanyi mwanaume kuwa tasa.

Na kwa kuwa najua kuna swali ambalo hukuliandika: haimalizi nguvu za kiume pia. Homoni inayoleta hamu na nguvu inatengenezwa ndani ya korodani na kuingia moja kwa moja kwenye damu, haipiti kabisa kwenye ule mrija wa mita sita. Kinachoweza kukudhoofisha kitandani ni wasiwasi, na mke anayekutazama kwa jicho jingine.

Basi kuchelewa kwenu kunahitaji uchunguzi wake wenyewe, tofauti na sisti. Mwaka mzima wa kukutana mara kwa mara bila kinga bila kupata mimba ndio mpaka tunaoutumia kuanza vipimo, na ninyi mmeshaupita. Anza wewe, kwa sababu kipimo cha mwanaume ni chepesi. Kaa siku 2 mpaka 7 bila kutoa shahawa, halafu toa sampuli kwenye kichupa cha maabara, bila sabuni, bila mate, bila kondomu. Ukitolea nyumbani ifike maabara ndani ya saa moja, na kichupa kikae mfukoni karibu na mwili. Usikiweke kwenye barafu kama samaki, mbegu zinakufa kwa baridi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2021 limeweka mpaka wa chini kuwa mbegu milioni 16 kwa kila mililita, au milioni 39 kwa sampuli nzima. Chini ya hapo si utasa, ni sababu ya kurudia kipimo. Na usirudie wiki inayofuata. Mbegu zinachukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, hivyo homa kali ya malaria uliyougua mwezi uliopita inaweza kuonekana kwenye kipimo cha leo.

Mkeo naye aonwe. Mwulize kwa upole kama alitumia sindano ya uzazi wa mpango na aliiacha lini. Baada ya sindano ile ya miezi mitatu, rutuba inaweza kuchelewa kurudi miezi kumi hivi tangu sindano ya mwisho, wengine zaidi, bila ugonjwa wowote. Nimeona nyumba zikigombana mwaka mzima kwa ajili ya sindano ambayo ilikuwa bado inaisha mwilini. Kama baada ya kujifungua alipata homa na uchafu wenye harufu, aeleze, kwa sababu mirija yake inaweza kuwa iliathirika.

Kisu, na sindano ya Kasulu

Sasa nimefika nilipotaka. Sisti imekaa juu ya ule uzi uliokunjwa. Ili kuitoa, daktari wa upasuaji anachoma ganzi ya mgongoni, anakata ngozi ya mfuko wa korodani, anaitoa korodani nje, kisha anaimenya sisti kutoka kwenye epididimisi taratibu kama mtu anayemenya gamba la yai bila kulitoboa. Mkono ukiwa mzuri, kazi inaisha na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Lakini uzi ule ni mwembamba, na ukikatwa au kufungwa mahali pamoja tu, mbegu za upande huo hazina njia nyingine ya kutokea. Kidimbwi umekiondoa, na mto umeuziba. Kovu peke yake linaweza kufanya hivyo, hata kwa mkono mzuri.

Yapo na mengine. Damu inaweza kuvilia ndani na mfuko ukavimba kuliko sisti yenyewe ilivyokuwa, kidonda kinaweza kuingiwa na maambukizi, wachache hubaki na maumivu yasiyoisha, na sisti inaweza kuota tena pembeni. Ndiyo maana kwa sisti ya sentimita 2 isiyouma, kwa mwanaume anayetafuta mtoto, mimi nasema usikatwe. Ungekuwa na miaka 55, watoto sita, na sisti ya ukubwa wa chungwa inayokuzuia kukaa kwenye baiskeli, ningekuandikia mwenyewe rufaa ya kwenda kukatwa, na ungenishukuru. Upasuaji huu si mbaya. Una mtu wake na wakati wake.

Kutoboa na kunyonya maji kunaonekana njia ya mkato, hata hospitalini tumewahi kuijaribu kwa wazee wasioweza kupewa ganzi. Maji yanatoka, mgonjwa anafurahi, na baada ya wiki au miezi yanarudi, kwa sababu kifuko kinachoyatengeneza bado kipo. Kuna hospitali zinazoongeza dawa ya kukausha kifuko ili kisijae tena. Dawa hiyo inaweza kuuchoma na kuuziba ule mrija, kwa hiyo haimfai anayetaka mtoto.

Hiyo ni hospitalini, penye ganzi, altrasaundi na sindano mpya. Mzee wa Kasulu simjui na sina ugomvi naye. Lakini nimempokea wodini mtu aliyetobolewa mtaani, sindano haijulikani ilishamtoboa nani kabla yake, dawa iliyowekwa mle haijulikani ni nini. Alikuja siku ya tano akitembea miguu imeachana, homa inamtetemesha, mfuko umekuwa mwekundu na unang’aa. Tulimfungua tukatoa usaha. Alipona, ila epididimisi ya upande ule ilibaki kigaga kigumu. Alikwenda kutoa kitu kisichouma. Ongeza hapo homa ya ini na virusi vya ukimwi vinavyopita kwenye sindano iliyotumika, halafu mjibu mjomba kwa heshima kwamba daktari amekataza. Nitwishe mimi lawama, nimezoea.

Na jenta? Gentamisini inaua bakteria. Kwenye sisti yako hakuna bakteria. Maambukizi ya epididimisi yana sura yake: maumivu yanayoongezeka siku hadi siku, joto, homa, mkojo unaochoma, au usaha kwenye njia ya mkojo. Wewe huna hata moja. Sindano hizo siku saba zingeacha maji yako pale pale na kukupa hatari bure ya figo na masikio, maana dawa hii ikikosewa inaviumiza vyote viwili. Mwenye duka la dawa pengine alikusudia mema, lakini hajakushika wala hajaisoma karatasi.

Mke wako

Sisti ya epididimisi haiambukizwi. Haitokani na umalaya, na hujamletea yeye chochote. Mpe karatasi aisome, au bora zaidi njooni pamoja, mara nyingi dakika kumi za mke kumsikia daktari zinafanya kazi ambayo mume hawezi kuifanya kwa mwezi. Nikiwaona pamoja nitawashauri mpime wote wawili magonjwa ya zinaa, na naomba mapema asilichukue kuwa shtaka. Kisonono na klamidia vinaweza kuziba mirija ya mwanaume na ya mwanamke kimya kimya, hata vikiwa vya miaka ya nyuma kabla hamjajuana, na kwa watu wanaotafuta mtoto ni kipimo cha kawaida kama cha wingi wa damu.

Lini uje bila kungoja

Maumivu makali ya ghafla kwenye korodani, hasa yakija na kutapika au korodani ikapanda juu na kukaa vibaya, ni dharura. Korodani inaweza kuwa imejisokota na kujikata damu, na ina kama saa sita kabla haijaanza kufa. Hili huwapata zaidi wavulana wanaobalehe lakini halichagui. Wanaosoma hapa wakiwa vijiji vya ziwani kusini kule Uvinza, msisubiri boti ya kesho asubuhi. Kukodi boti usiku ni ghali, korodani ni ghali zaidi. Ngiri iliyokuwa inarudi ikigoma kurudi, ikauma na tumbo likajaa, nayo ni ya usiku huo huo.

Yasiyo ya dharura lakini yasingoje miezi ni haya: ukishika ugumu wowote ndani ya korodani yenyewe, sisti ikianza kukua upesi wiki hadi wiki, ikianza kuuma bila kazi, au mfuko ukijaa kiasi kwamba korodani huipati tena. Hapo nenda Maweni, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, ukiwa na karatasi ya zamani mkononi ili walinganishe vipimo. Watu wanaacha karatasi nyumbani, tunaanza upya, wanalipa mara mbili. Kwa ilivyo sasa huhitaji altrasaundi kila mwezi. Jishike mwenyewe mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga maji ya moto ngozi ikiwa imelegea, zungusha kila korodani taratibu kati ya dole gumba na vidole. Moja kuning’inia chini kuliko nyingine ni kawaida. Baada ya wiki chache utaijua sisti yako kama unavyojua kigimbi chako, na siku ikibadilika utakuwa wa kwanza kugundua.

Siku yoyote huko mbele ukiamua kukatwa kwa sababu imekua na inakusumbua, mwulize daktari wa upasuaji amefanya ngapi za namna hii, na mwambie wazi kwamba bado unataka watoto. Asipouliza yeye, sema wewe. Daktari bingwa wa njia ya mkojo akipatikana, mngoje huyo, haina haraka. Ukikatwa, jua kwamba wiki mbili za mwanzo hakuna Kibirizi, na magunia yasubiri mpaka daktari aliyekukata akuruhusu, kwa hiyo usipange upasuaji msimu wa mizigo mingi.

Kuhusu ule uzito wa jioni, tatizo kubwa ni kwamba mfuko unaning’inia na kuyumba kutwa nzima ukiwa unapanda na kushuka ubao wa boti. Vaa chupi inayoshikilia, si bukta, wakati wa kazi tu. Ukifika nyumbani ivue ulale na kitu kilicholegea, maana mbegu zinataka ubaridi wa nyuzijoto mbili tatu chini ya mwili. Siku inayokuzidi, vidonge viwili vya paracetamol vinatosha. Na magunia, beba.